Paul Ehrlich, Mbuzi Wake na Dawa ya Mama

Wanachuo wenzangu, makala haya nilipaswa kuyaandika mwaka jana. Sikuyaandika kwa sababu yanaanza na kosa langu, na nani anapenda kuanza na kosa lake?

Nilikuwa mwaka wa pili, semista ya kwanza, boom limeshakata zamani. Mama akanipigia simu kutoka Njombe. Mama ni fundi cherehani. Kwa karibu mwaka mzima vidole vyake vilikuwa vimevimba, na kila asubuhi vilikakamaa kwa saa nzima au zaidi, hata asiweze kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Majirani walisema ni baridi ya Njombe hiyo, aache kufua alfajiri. Mwishowe akaenda hospitali, akapimwa damu, akaambiwa ana baridi yabisi ya ile aina ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Akapewa vidonge. Akanisomea jina lililoandikwa kwenye boksi, herufi moja moja, na mimi katikati ya zile herufi nikasikia klorokwini. Swali lake lilikuwa fupi: kwani ana malaria?

Sasa hapo ndipo ulipo ujinga wangu. Mimi ndiye msomi wa ukoo. Nasomea ualimu wa sayansi, kemia na baiolojia. Sikufungua kitabu, sikumuuliza mtu. Nilimjibu palepale, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba dirisha la dawa wamekosea. Kwamba klorokwini ni dawa ya malaria, na nchi yetu iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea. Kwamba aviache tu. Mama alikumbuka jinsi klorokwini ilivyokuwa ikimwasha mwili mzima enzi hizo, akaviacha kwa furaha.

Nilirudi nyumbani miezi minne baadaye. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeanza kupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Hakunilaumu. Alikuwa ameshamkabidhi binamu yangu kazi ya kutia uzi.

Nilimsindikiza hospitali. Daktari hakufoka. Alinieleza kwa dakika tano kwamba ile si klorokwini bali ndugu yake, haidroksiklorokwini, na kwamba kwa mama kazi yake si kuua vimelea vya malaria, ni kutuliza kinga iliyopandwa na hasira. Akaongeza kwamba dawa hiyo huchukua wiki nyingi, hata miezi, kuonyesha matunda, kwa hiyo miezi minne tuliyoipoteza haikuwa midogo. Nilitoka pale kichwa chini. Niliporudi chuoni nikaanza kusoma, safari hii kweli. Na kila uzi nilioufuata, uwe wa ugonjwa au wa dawa, ulinifikisha kwa mtu yuleyule mmoja, Mjerumani aliyefariki mwaka 1915. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia. Wakati huo palikuwa Prussia. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Strzelin. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na alitengeneza pombe kali. Kwa upande wa mama alikuwa na binamu aliyemzidi miaka tisa, Karl Weigert, na huyo ndiye aliyemharibu, kama ni kuharibu. Weigert alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchukua rangi mpya za viwandani na kuzipaka kwenye vipande vyembamba vya nyama ya mwili ili vionekane vizuri chini ya hadubini. Ujerumani ya siku zile ilikuwa inafurika rangi hizo. Wakemia walizitengeneza kutokana na lami ya makaa ya mawe, na soko lake lilikuwa viwanda vya nguo. Yaani kitu kilichokusudiwa kwa fundi wa nguo ndicho kilichoingia maabara.

Kama mwanafunzi hakuwa wa kupigiwa mfano. Alizunguka vyuo vinne: Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig. Mihadhara mingi ilimchosha. Husimuliwa kwamba huko Strassburg meza yake ilitambulika kwa mbali kwa sababu ilikuwa imetapakaa madoa ya kila rangi. Sidhani kama hapa kwetu angesalimika bila sapu mbili tatu. Lakini alikuwa na swali moja ambalo halikumtoka maisha yake yote: kwa nini rangi fulani inashika sehemu fulani ya seli na kuiacha nyingine? Ukiweza kulijibu hilo, alifikiri, utajua pia kwa nini sumu fulani inashika kiungo fulani, na kwa nini dawa fulani inampata mdudu fulani.

Mwaka 1878 alimaliza udaktari wake Leipzig kwa tasnifu kuhusu upakaji rangi wa seli. Humo alieleza seli za aina moja zilizojaa punje nyingi ndani. Kwa kuwa zilionekana zimeshiba, akazipa jina la Kijerumani lenye maana hiyo ya kunenepeshwa, na jina hilo linatumika hadi leo: seli za masti. Kazi yake hakuijua. Leo tunajua kwamba zile punje si chakula. Zina kemikali, mojawapo histamini, ambazo zikimwagwa mishipa midogo hutanuka, maji hutoka, ngozi huwa nyekundu, huwasha na kuvimba. Mwaka uliofuata akaeleza aina nyingine ya chembe nyeupe za damu, ile inayopenda rangi iitwayo eosini. Kwa maneno mengine, kijana huyu wa miaka ishirini na kitu alikuwa anaandika majina ya askari wa jeshi ambalo vita vyake bado havijajulikana.

Akapata kazi Berlin, hospitali ya Charité. Hapo kuna kisa kimoja kidogo nawaomba mkishike, maana kitarudi. Kulikuwa na ugonjwa wa ajabu: mtu anatoka nje kwenye baridi kali, akirudi ndani anakojoa mkojo mwekundu, kwa sababu chembe zake nyekundu za damu zimepasuka. Mwaka 1881 Ehrlich alimchukua mgonjwa wa namna hiyo, akamfunga kidole kwa mpira ili damu isipite, akakitumbukiza kwenye maji ya barafu, kisha akakipasha joto. Damu ya kidole kile ilikutwa imepasuka. Ya kidole kingine nzima. Jaribio zuri, safi kabisa. Lakini hakutambua kwamba aliyekuwa akiipasua damu ile ni kinga ya mgonjwa mwenyewe. Miaka ile hakuna mtu angeliwaza.

Mwaka 1883 alimwoa Hedwig Pinkus, wakajaaliwa mabinti wawili. Mambo yalikuwa mazuri hadi bosi wake, Profesa Frerichs, alipofariki mwaka 1885. Aliyerithi nafasi hakumwelewa. Kisha Ehrlich akakuta vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi yake mwenyewe, kwa njia ya kupaka rangi aliyokuwa ameiboresha yeye. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akaenda Misri na mkewe kutafuta hewa kavu. Akapona. Aliporudi Berlin hakuwa na kazi, akafungua maabara ndogo ya binafsi, hadi Robert Koch alipompa nafasi kwenye taasisi yake mpya.

Mwaka 1891 ulikuwa wa kazi mbili kubwa, na zote zinatuhusu.

Ya kwanza ni panya. Ehrlich aliwalisha dozi ndogondogo za sumu ya mbarika, na ya zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo hata huku kwetu watoto huzitunga shanga. Alianza na kiasi kidogo sana, akaongeza polepole. Baada ya wiki kadhaa panya walistahimili kiasi ambacho kingewaua wenzao mara nyingi. Damu yao ilikuwa na kitu kinachoizima sumu hiyo, na hiyo tu. Panya aliyezoea sumu ya mbarika hakuwa na kinga dhidi ya ile ya mbegu nyekundu. Kisha akaonyesha kwamba panya jike huwapa wanawe kinga hiyo kupitia maziwa.

Ya pili ni malaria. Alikuwa ameona kwamba rangi moja ya buluu, methilini ya buluu, hushika vizuri vimelea vya malaria ndani ya damu. Akawaza: kama inavishika, huenda inavidhuru. Yeye na mwenzake Paul Guttmann wakawapa wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin, na wagonjwa wakapata nafuu. Haikuwa na nguvu kama kwinini, ikaachwa. Ila ilikuwa mara ya kwanza dawa iliyotengenezwa kiwandani tangu mwanzo hadi mwisho kutumika dhidi ya ugonjwa wa namna hiyo.

Miaka iliyofuata alifanya kazi ya dondakoo pamoja na Emil von Behring. Seramu ya farasi iliyokuwa ikiokoa watoto ilikuwa haina kipimo cha kuaminika. Leo inaponya, kesho haifanyi kitu. Ehrlich akatunga kipimo chake, na mwaka 1897 akatoa pamoja nacho nadharia. Alisema seli ina mikono midogo juu yake, kila mkono na umbo lake. Sumu ikiwa na umbo linalolingana na mkono huo hunasa, kama ufunguo na kitasa. Seli ikishanaswa hutengeneza mikono mingine, tena kupita kiasi, na ile ya ziada hudondoka kwenye damu. Hiyo iliyodondoka ndiyo kingamwili. Mengi ya nadharia hiyo yamerekebishwa, lakini wazo la mkono wenye umbo lake, yaani kipokezi, bado ndio msingi wa tunachofundishwa darasani.

Mwaka 1899 alihamia Frankfurt kuongoza taasisi mpya. Aliyeingia ofisini kwake hakupata pa kukaa: viti, meza na sakafu vilijaa marundo ya majarida. Alivuta sigara kubwa hadi ishirini na tano kwa siku, alisoma hadithi za wapelelezi, na kila siku aliwaandikia wasaidizi wake maagizo kwenye vikaratasi vya rangi mbalimbali. Hapo Frankfurt ndipo mbuzi wanapoingia.

Swali lilitokana na nadharia yake mwenyewe. Kama mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya chochote chenye umbo la kunasa, mbona hautengenezi dhidi ya vitu vyake wenyewe? Fikiria umejigonga goti kwenye kimbweta. Damu inavilia chini ya ngozi, halafu siku chache baadaye inafyonzwa. Seli zako zimekutana na damu iliyomwagika. Kwa nini zisiitengenezee silaha? Yeye na msaidizi wake Julius Morgenroth walichukua mbuzi wakawadunga damu ya mbuzi wengine. Mbuzi walitengeneza kingamwili zilizopasua chembe za damu za wenzao. Lakini damu yao wenyewe haikuguswa. Mbuzi anaweza kutofautisha damu yake na ya mbuzi wa jirani, na yake anaiacha.

Ehrlich aliipa hali hii jina la Kilatini, horror autotoxicus, yaani mwili kuchukia kujitia sumu. Na hapa, wenzangu, ndipo nilipokaa pale kimbwetani nikasoma mara tatu. Maana vitabu vingi husema Ehrlich alitangaza kwamba mwili hauwezi kujishambulia. Hakusema hivyo. Alichoeleza ni kwamba mwili lazima uwe na vyombo vya kuizuia kinga isiugeukie, na kwamba vyombo hivyo vikiharibika, ugonjwa mkubwa unaweza kutokea. Akataka utafiti ufanywe upande huo. Tofauti ni kubwa. Kusema gari haliwezi kuteremka mlima kwa kasi ni jambo moja. Kusema gari lina breki, na breki zikikatika kuna maafa, ni jambo jingine kabisa.

Waliomfuata walisikia lile la kwanza. Jina la mkubwa likageuka sheria.

Na wala ushahidi haukukawia. Mwaka 1904, huko Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner walirudi kwenye ule ugonjwa wa mkojo mwekundu. Wakaonyesha kwamba damu ya mgonjwa ina kingamwili inayozishika chembe zake mwenyewe zinapopoa, na zinapopashwa joto zinapasuka. Kile kidole cha 1881! Mwili uliojigeuka ulikuwa pale, wazi, ndani ya maji ya barafu. Lakini matokeo yale yakachukuliwa kama kituko cha pembeni, na kwa karibu miaka hamsini mtafiti aliyedai kwamba ugonjwa fulani unatokana na mwili kujishambulia alionekana hajui misingi. Mgonjwa wa baridi yabisi wa miaka hiyo aliweza kuambiwa ni meno mabovu, akang'olewa meno. Ndiyo, wagonjwa waling'olewa meno na kukatwa tonsili kwa ajili ya viungo kuuma.

Mwaka 1908 Ehrlich alipata Tuzo ya Nobel, akagawana na Élie Metchnikoff. Ukitaka kuelewa ugonjwa wa mama yangu unawahitaji wote wawili. Metchnikoff ndiye aliyekuwa Messina, Italia, mwaka 1882, akachoma kiluwiluwi cha kiti cha pweza kwa mwiba na kuona seli zikimkusanyikia mwiba ule kama watu kwenye ajali. Kabla yake, joto, wekundu, uvimbe na maumivu vilihesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe. Yeye akasema hapana, hilo ni jeshi limefika. Wafuasi wa hawa wawili waligombana sana: kinga ni seli zinazokula au ni kingamwili za kwenye damu? Jibu ni vyote. Kingamwili huweka alama, seli hula, na kemikali zao huita wengine. Kwenye kidonda, kazi ikiisha jeshi huondoka. Kwenye kidole cha mama hakuna mwiba, ila jeshi limeitwa, na halijui kuondoka. Linakula gegedu, kisha mfupa.

Miaka ya mwisho ya Ehrlich ilikwenda kwenye dawa. Tangu 1904 alikuwa anatafuta rangi ya kuua vimelea vya malale. Koch alipokwenda visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 kupambana na malale, alitumia dawa ya aseniki iitwayo atoksili, na baadhi ya wagonjwa walipofuka. Ehrlich na mkemia wake Alfred Bertheim waligundua umbo halisi la dawa hiyo, wakaanza kulibadilisha kipande kwa kipande. Kemikali namba 606 iliwekwa kando kwanza. Mwaka 1909 Mjapani Sahachiro Hata akaijaribu upya, ikaponya sungura wenye kaswende. Mwaka 1910 iliingia sokoni kwa jina la Salvarsan. Ilimletea sifa na pia matusi, maana dawa ilikuwa kali, na ilipotumiwa vibaya iliumiza watu. Alijibu barua, alisafisha dozi, akatoa toleo jepesi zaidi. Hakulala vizuri tena. Vita Kuu ikaanza, na tarehe 20 Agosti 1915 moyo ukasimama, huko Bad Homburg. Alikuwa na miaka 61. Akazikwa makaburi ya Wayahudi Frankfurt. Wanazi walipotawala walifuta jina lake kwenye mtaa uliokuwa unaitwa kwa heshima yake, na Hedwig akalazimika kukimbia nchi uzeeni. Jina la mtaa lilirudishwa baada ya vita.

Breki alizozitabiri zilianza kupatikana muda mrefu baadaye. Mwaka 1953 Peter Medawar na wenzake huko London walionyesha kwamba panya akikutana na seli za panya mwingine akiwa bado tumboni, ukubwani atapokea ngozi ya panya yule bila kuikataa. Kwa hiyo kutambua cha kwako ni jambo ambalo mwili hujifunza. Mwaka 1956 huko Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky waliwapa sungura ugonjwa wa tezi ya shingo kwa kuwadunga dutu ya tezi zao wenyewe. Kinachonigusa ni kwamba Witebsky alikuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wa Ehrlich. Alilelewa kwenye ile sheria, mwanzoni hakuamini alichokiona, lakini mwishowe akaikubali kazi iliyofanyika kwenye maabara yake mwenyewe.

Leo tunajua kuna shule kifuani, nyuma ya kidari: tezi ya thaimasi. Seli T zinazochipukia humo huonyeshwa vitu vya mwili, na zinazovishika kwa nguvu kupita kiasi huuawa. Mtihani huo hauna sapu; ni disko moja kwa moja. Hata hivyo wapo wanaopenya. Ndiyo maana mwaka 1995 Shimon Sakaguchi, Mjapani, alipoonyesha kundi la seli T ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine, swali la mbuzi lilipata sehemu kubwa ya jibu lake. Panya aliyenyimwa seli hizo mwili wake hujishambulia. Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaonyesha mwaka 2001 jeni inayohusika. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2025. Breki, ndugu zangu. Zaidi ya miaka mia moja baada ya mbuzi wa Frankfurt.

Na dawa je? Hilo ndilo lililonimaliza. Ile methilini ya buluu ya 1891 haikufa. Miaka ya 1920 wakemia wa Ujerumani walianza na molekuli yake, wakaigeuza, wakapata dawa mpya za malaria moja baada ya nyingine, hadi klorokwini mwaka 1934. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanajeshi walimezeshwa mojawapo ya dawa za jamii hiyo, mepakrini, na baadhi ya waliokuwa na vipele vya muda mrefu au viungo vinavyouma wakapata nafuu bila kutarajia. Miaka ya 1950 madaktari wakaanza kuzitumia kwa makusudi, na haidroksiklorokwini ikapatikana ikiwa na madhara machache zaidi. Ndani ya seli za kinga huingia kwenye vifuko vinavyochambua takataka za mwili, hupunguza ukali wa asidi yake, na hivyo seli hupiga kelele kidogo. Haiui jeshi. Inalipunguzia sauti.

Kwa hiyo kidonge nilichomwambia mama akiache ni kitukuu cha rangi ya nguo, kilichotokana na mtu yuleyule aliyeuliza kwa nini mwili haujili.

Nimewahi kujitetea kwamba nilichomwambia mama kilikuwa kweli. Klorokwini ni dawa ya malaria. Tuliiacha mwaka 2001. Yote kweli. Lakini nilichukua kweli ndogo nikaifanya ukuta, kama wale waliochukua neno la Ehrlich wakalifanya ukuta na kung'oa watu meno. Mwenyewe aliacha mlango wazi, tena akaandika kwamba uko wazi.

Mama anaendelea na dawa, na nyingine ameongezewa, na kila mwaka anapimwa macho kama daktari alivyoagiza. Uvimbe umepungua. Asubuhi anakunjua vidole mapema kuliko zamani. Vile viwili vilivyopinda havijanyooka, na daktari amesema havitanyooka. Likizo iliyopita nilimsimulia habari yote hii tukiwa nje, yeye anapiga pasi gauni la mteja. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama wale mbuzi baadaye waliliwa. Nikamwambia hilo sijasoma. Akacheka, akaniambia nikisoma nimpigie, ila nisome kwanza. Kisha akanipa sindano na uzi, akaendelea na pasi yake.